Nani Atoe Imla ya Deni?



Aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani tukufu haikuteremka juu ya Swala, wala Hija, wala mirathi. Imeteremka juu ya deni. Nayo ni aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara. Humo tumeamrishwa kwamba tukikopeshana kwa muda maalumu tuandikiane, na mwandishi awe mwadilifu, na wawepo mashahidi, wala tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Haya wengi wetu tumeyasikia katika darsa. Lakini humo liko jambo moja ambalo hupitwa mbio, nalo ni hili: ni nani asemaye, na mwandishi akaandika? Si mwenye mali. Ni yule ambaye deni liko juu yake. Mdaiwa ndiye atoaye imla. Na akiwa hajiwezi, kwa utoto au udhaifu au upungufu wa akili, basi msimamizi wake atoe imla badala yake kwa uadilifu.

Hikima yake iko wazi kwa mwenye kuzingatia. Siku ya kukopa, mwenye mali ana fedha mkononi, na mwenye haja ana njaa nyumbani. Akiachiwa mwenye mali aseme yeye, ataandikisha atakavyo, na mwenye haja atakubali kila neno kwa kuwa anataka kuondoka na fedha. Lakini akisema mdaiwa mwenyewe, hukiri kile anachokijua: nimepokea kadhaa, nitalipa kadhaa, siku kadhaa. Kesho hawezi kukana, wala hapana wa kumwongezea. Na tarikh ya pwani yetu, na ya bara yetu pia, yashuhudia kwamba kila mahali mdaiwa aliponyang'anywa imla yake, hapo ndipo alipozuka mdai dhalimu, na nyuma yake akaja mlaghai adaiye deni lisilokuwapo.

MPUNGA ULIOLIWA KABLA YA KUVUNWA

Lupiro ni mji mdogo ng'ambo ya mto Kilombero. Ukitoka Ifakara unavuka mto, zamani kwa pantoni na siku hizi kwa daraja, na ukifika Lupiro njia zinagawanyika: moja yapanda milimani kwenda Mahenge, na moja yaelekea Malinyi. Wenyeji wa bonde hili ni Wapogoro, Wandamba na Wambunga, na pamoja nao wako wengi waliohamia. Chakula chao na biashara yao ni mpunga. Mpunga wa mvua huvunwa kiasi cha mwezi wa Mei hata Julai. Basi Januari mpaka Machi ni miezi ya dhiki: ghala imekwisha, palizi inataka vibarua, watoto wanataka sare na madaftari, na shamba lingali majani matupu.

Hiyo ndiyo miezi ya mkopeshaji. Tuseme mtu amepewa shilingi 50,000 mwezi wa Februari kwa sharti la kutoa gunia moja la mpunga wakati wa mavuno. Mavuno yakifika, tuseme gunia lauzwa shilingi 80,000. Amelipa 30,000 zaidi kwa miezi minne au mitano, yaani sitini katika kila mia. Na kwa kuwa gunia halikutajwa ni debe ngapi, mdai huja na gunia lake la lumbesa, lililojazwa mpaka likavimba kichwani. Mvua ikikatika, mtu akakosa mpunga, huambiwa kwamba mwaka ujao atatoa magunia mawili. Hii ndiyo riba ya zama za ujahili yenyewe, ile ya kuongeza muda na kuongeza mali. Na katika yote hayo hapana karatasi, na kama ipo, imo katika daftari la mdai peke yake.

Msomaji wa pwani asidhani hili ni la bonde la Kilombero tu. Huko Kagera kuuza kahawa ingali maua kuna jina lake, huitwa butura. Kusini, katika korosho, wana biashara ya kangomba inayomkamata mkulima wakati wa dhiki yake. Na Unguja na Pemba, kama tutakavyoona, karafuu zilikwisha kuliwa zingali mtini tangu zamani.

Wala mtu asiseme kwamba sheria yetu imefunga mlango wa kupokea fedha kabla ya mavuno. Mlango uko, nao ni wa salamu. Watu wa Madina walikuwa wakilipana kabla kwa tende, na Bwana Mtume (S.A.W.) hakuwakataza, ila aliwaamrisha kipimo kiwe kinajulikana, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Bei yote ilipwe pale pale, na isiwe mazao ya shamba fulani ambalo huenda lisizae. Tazama basi: masharti yote hayo ni ya kuondoa giza. Mkopeshaji wa gunia lisilo na debe anakaa katika giza hilo.

MDAI NA MDAIWA KATIKA MSIKITI WA MTUME

Kabla ya kwenda mbele yafaa tukumbuke kwamba mdai ana haki. Alikuja mtu mmoja kumdai Bwana Mtume (S.A.W.) ngamia wake, akasema maneno makali, na Masahaba wakataka kumfanyia ubaya. Mtume akawazuia, akawaambia kwamba mwenye haki ana ruhusa ya kusema; kisha akaamrisha anunuliwe ngamia aliye bora kuliko wake. Na ametufundisha kwamba tajiri kuchelewesha kulipa ni dhulma. Kwa hivyo makala haya si silaha ya kumsaidia mtu mwenye uwezo akimbie deni lake.

Lakini haki hiyo ina mpaka. Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake ndani ya msikiti wa Madina, sauti zao zikapanda mpaka zikasikika nyumbani kwa Mtume. Akatoka, akamwashiria Kaab asamehe nusu. Kaab akakubali. Kisha Mtume akamgeukia mdaiwa akamwambia ainuke akalipe iliyobaki. Katika kisa hiki kifupi mna hukumu nzima: mdai amepunguza, mdaiwa amelipa, na yote yamefanyika mbele za watu, chini ya mtu mwadilifu. Hapana aliyetukanwa, hapana aliyebebewa godoro. Na aya ya 280 ya sura hiyo hiyo imeamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki angojewe mpaka apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi.

DENI LILILOKULA WATU

Sasa tuje kwetu. Katika karne ya 19 biashara yote ya misafara kutoka Bagamoyo, Pangani na Kilwa ilisimama juu ya mkopo. Matajiri wa Unguja walitoa nguo, shanga na bunduki kwa ahadi, na msafara ukarudi baada ya miaka na pembe. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikopeshwa na Taria Topan, tajiri mkubwa wa Unguja. Hao walikuwa wakubwa kwa wakubwa. Kila mmoja alikuwa na makarani wake na daftari lake, na alijua anachodaiwa.

Chini yao walikuwako wanyonge wasio na daftari. Hao walikopa chakula, na rehani yao ilikuwa mtu. Katika njaa kubwa ya 1884 watu wa Mrima na wa Mijikenda waliwaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka, kwa kutaraji kuwakomboa mvua ikinyesha. Wengine waliwakomboa. Wengine walikuta hesabu imekua, kwani aliyemlisha mtoto ndiye aliyehesabu alichomlisha, na mzazi hakuwa na cha kupinga. Mtoto wa rehani akawa mtumwa. Hapa imla yote ilikuwa kwa mdai, na deni la vibaba vya mtama likala mwanadamu.

Utumwa ulifutwa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mtu hakuweza tena kushikwa kwa deni la baba yake. Lakini mdai dhalimu hakufa. Aliacha kushika mtu, akashika shamba.

HATI ZA KARAFUU

Wenye mashamba ya mikarafuu, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakikopa kabla ya msimu ili wapate kulipa wachumaji, na wengine kwa harusi na matanga. Mahakama haikutaka kusikia riba, basi riba ikavaa kanzu. Mtu alikopa kiasi kidogo, na hati ikaandikwa kubwa, ile ziada ikiwa ndiyo faida iliyofichwa. Au aliuza shamba lake kwa bei ya khiyari, yaani mauzo yenye haki ya kulirudisha akilipa. Na kabla hajalipa akawa mpangaji katika shamba lake mwenyewe, akitoa kodi kila mwaka. Kwa jina ilikuwa kodi, na kwa hakika ilikuwa riba. Na muda ukipita bila ya kulipa, shamba likawa la mwenye fedha.

Zingatia hapa, ndugu msomaji, kwamba karatasi zilikuwapo, na sahihi na alama za dole gumba zilikuwapo, na mashahidi walikuwapo. Kilichokosekana ni imla ya kweli. Mdaiwa alitia dole juu ya maneno ambayo hakuyasema na hakuyasoma. Basi kuandika peke yake si kinga. Karatasi yenye uwongo ni mbaya kuliko kukosa karatasi, kwa sababu huifunga hata mahakama.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya mwanzo ya 1930, madeni yakawaelemea watu. Mwaka 1933 maofisa wawili, C. A. Bartlett na J. S. Last, walichunguza madeni ya wakulima, na mwaka 1934 serikali ya Unguja ikatoa sheria kadhaa pamoja, mojawapo ya wakopeshaji fedha, na nyingine ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe ovyo. Jina la sheria hiyo ya ardhi lilitaja mambo mawili, uzuizi na ushahidi. Na hilo la pili ndilo lililokuwa kiini cha maradhi, kwani hati zilisema hivi na mambo yalikuwa vile. Wafanyabiashara wa Kihindi walizipinga sheria hizo vikali, na Serikali ya India ikamtuma K. P. S. Menon aje kutazama. Ugomvi ukakua mpaka mgomo wa karafuu wa 1937 na 1938. Mwaka huo wa 1938 ikatoka sheria ya kuyasuluhisha madeni na kulinda ardhi.

Walikuwako waliotaka kulifanya jambo hili ugomvi wa kabila na kabila. Sisi tuwe waadilifu. Wako wenye mashamba waliokopa kwa fahari na israfu, na wako wenye maduka waliongoja kwa subira. Dhulma haina kabila. Siku hizi mkopeshaji dhalimu wa bondeni huenda akawa jirani yako, mtu wa lugha yako, na huenda mnaswali safu moja.

SHERIA YA 1923 NA DUKA LA BARA

Tanganyika ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1923 Waingereza walitoa sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Kwa kifupi, asiyekuwa mwenyeji hakuweza kumdai mwenyeji mahakamani, ila kwa mkataba wa maandishi ulioidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilikuwa ni kinga, kwani mwenye duka hakuweza kumpeleka mkulima kortini kwa maneno matupu.

Lakini kinga hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, Mwafrika aliyetaka kufanya biashara alikosa mkopo wa halali, akabaki chini. Pili, haja ya watu haikuondoka, basi mkopo ukaingia mafichoni. Mkulima akachukua shuka na chumvi kwa ahadi ya mazao, na mwenye duka, kwa kuwa hakuwa na mahakama, akajilipa katika mizani na katika bei. Sheria ilimlinda mkulima kortini, haikumlinda dukani. Na hapa tunapata funzo la pili: deni lililofichwa, hata likifichwa kwa nia ya kumlinda mnyonge, humrudisha mikononi mwa mwenye nguvu.

ZAMA ZETU: KUBONYEZA BILA KUSOMA

Leo katika miji na vijiji vya Tanzania iko mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wakopaji wake wengi ni mama zetu na dada zetu wenye biashara ndogo. Rejesho hutakiwa kila siku au kila wiki, na siku ikipita huja kundi la vijana, wakasimama mlangoni, wakatangaza deni mtaa mzima, wakabeba sufuria na godoro. Na iko mikopo ya simu, ambapo mtu hubonyeza neno la kukubali asilolisoma, na katika kukubali huko ameruhusu majina yote yaliyomo katika simu yake yachukuliwe. Akichelewa, mkwewe, mwalimu wa mwanawe na imamu wake hupata ujumbe kwamba fulani ni mwizi. Hii ni ile ile alama ya dole gumba ya Unguja. Maneno yote yametungwa na mdai, na mdaiwa amegusa tu.

Serikali hazikunyamaza. Tanzania Bara ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, inayomtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na vikundi vya kijamii visajiliwe. Iko pia sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila ya kibali. Na Kenya, kanuni za Benki Kuu yake za 2022 zimewakataza wakopeshaji wa simu kutisha, kutukana, na kuwasumbua jamaa za mdaiwa.

Kisha wako walaghai wasiokukopesha hata senti. Hupiga simu wakasema marehemu baba yako alikuwa na deni, au kwamba deni lako limeuzwa kwao, au hutuma ule ujumbe maarufu wa kutaka fedha zipelekwe kwenye namba hii. Hao hutegemea jambo moja tu: kwamba wewe mwenyewe hujui hesabu yako.

NGAO YA MDAIWA

Basi yapasa tufanye nini? Haya ndiyo tuliyoyapata katika tarikh na katika sheria.

Kwanza, siku ya kukopa toa imla wewe. Sema kwa ulimi wako mbele ya mashahidi wawili uwaaminio: nimepokea kiasi hiki, nitalipa kiasi hiki, kwa kipimo hiki, siku hii. Ikiwa hujui kusoma, mpeleke mwanao aliye shuleni au mwalimu wa chuo akusomee kabla ya kutia dole. Pasiwe na nafasi tupu katika karatasi. Nakala moja ibaki kwako. Mkopeshaji akikataa kukupa nakala, amekwisha kukuonyesha nia yake.

Pili, kila ulipapo pata risiti, au lipa kwa njia inayoacha alama. Na deni likiisha, hati irudishwe au iandikwe kwamba limekwisha, na mashahidi wale wale washuhudie.

Tatu, anapokuja mtu kudai, mwulize upole: wewe ni nani, umetumwa na nani, iko wapi barua yako, iko wapi hesabu? Mdai wa kweli huwa na majibu. Usilipe kwa mgeni, wala kwa namba usiyoijua, wala usitishike kwa haraka yake. Mwambie mrudi kwa aliyekopesha mwenyewe. Na kwa deni la marehemu, warithi wanalo jukumu la kulilipa katika mali aliyoiacha, tena kabla ya kugawana. Lakini na lithibitishwe kwanza.

Nne, jua kwamba hapana aliye na haki ya kuingia nyumbani mwako na kubeba vyombo kwa nguvu zake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya dalali wa mahakama, naye huja na amri ya mahakama iliyoandikwa. Hata mahakama yenyewe ina mpaka: sheria ya mwenendo wa madai ya 1966 imevitoa katika vitu vya kukamatwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za fundi, na zana za kilimo na mbegu zile ambazo mahakama yaona ndizo maisha ya mkulima. Wanazuoni wetu nao, katika mlango wa mufilisi, hawakumwacha mtu uchi. Wamesema aachiwe nguo na chakula chake na cha watu wake. Anayebeba jembe la mkulima wa Lupiro amechukua na deni lake mwenyewe la mwaka ujao. Lakini tahadhari: kitu ulichokiweka rehani kwa hiari yako kina hukumu nyingine, kwa hivyo usiweke rehani nyumba ya watoto kwa mkopo wa sherehe.

Tano, usijifiche. Silaha kubwa ya mdai dhalimu ni aibu yako. Mwanamke huona haya kumwambia mumewe, akakopa kwa wa pili alipe wa kwanza, na kwa wa tatu alipe wa pili. Likikushinda, mwite mdai mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, au imamu, au wazee, muombe muda au upunguziwe, kama alivyofanya Kaab na mwenziwe. Ukitishwa au ukipigwa, nenda polisi. Na Benki Kuu inapokea malalamiko dhidi ya wakopeshaji.

Na sisi tulio misikitini tuna sehemu yetu. Qur'ani imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki Zaka. Je, katika msikiti wako, ni lini mara ya mwisho Zaka ilimtoa mtu katika deni? Kila jamaa ikiwa na mfuko mdogo wa karadha njema, uliotunzwa kwa daftari lililo wazi, mama asingalikwenda kwa kausha damu kwa ajili ya shilingi 30,000 za palizi.

Mwenye uwezo na alipe leo, kwani hajui kama kesho ataswaliwa hali anadaiwa. Mwenye kudai na aogope siku ambayo kila hati itasomwa kama ilivyo. Na asiye na uwezo na ajue kwamba umaskini haukumvua heshima yake, wala haukumnyang'anya ulimi ambao Mola wake amempa autolee imla ya deni lake.

Wabillahi tawfiq.